Lori Haliwaki: Kabla ya Kuagiza Kipuri, Lisikilize

Neno letu "haliwaki" limebebeshwa mambo mengi mno. Dereva aliyekwama Mtambile na magunia ya karafuu kavu anampigia simu fundi aliyeko Chake Chake, anasema "lori haliwaki", na fundi bado hajaambiwa kitu. Lori lililo kimya kama jiwe ufunguo unapozungushwa, haliwaki. Lori linalozunguka kwa nguvu zote, dakika baada ya dakika, mpaka betri inachoka, nalo haliwaki. Hayo ni maradhi mawili yasiyojuana. La kwanza ni la umeme, na mara chache ni la chuma kilichokwama. La pili ni la mafuta au hewa, au la injini yenyewe kuchoka. Anayeyachanganya hununua betri kwa ugonjwa wa mafuta, au hufungua nozo, vile vipulizio vya mafuta vya injini, kwa sababu ya waya ulioliwa na kutu.

Kwetu Pemba kosa hilo ni ghali kuliko pengine. Vipuri vingi vya malori ya zamani, zile Isuzu, Fuso, Canter na Dyna zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990, hutoka Unguja au Dar es Salaam na kushushwa na chombo Mkoani. Ukiagiza kisicho chenyewe umepoteza pesa, umepoteza siku, na mzigo wa watu bado uko juu ya gari. Ndiyo maana nasema swali la mwanzo lisiwe "kipuri gani kimekufa?" Liwe moja tu: injini inazunguka au haizunguki?

Nianze na maana ya kuwaka kwenyewe, kwa sababu humo ndimo utambuzi wote ulimo. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilijaribiwa mwaka 1897 mjini Augsburg, aliegemea jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kujaza upepo baiskeli amelihisi mkononi: pampu hupata moto chini. Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya silinda ya lori, hewa hubanwa mpaka ikabaki kama sehemu moja ya 17 au 18 ya ukubwa wake, na joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozo hupuliza dizeli kwa ukungu mwembamba, na ukungu huo hushika moto wenyewe.

Kwa hiyo injini hii inataka izungushwe kwa kasi, ibane hewa vizuri, na iletewe mafuta kwa wakati wake. La kwanza likikosekana, hayo mengine hayapimiki. Injini inayozungushwa kivivu huipa hewa nafasi ya kuponyoka pembeni mwa ringi, zile pete za chuma zinazoivaa pistoni, na joto hunywewa na chuma baridi kabla nozo haijapuliza. Injini nzima kabisa inaweza kuonekana mbovu kwa sababu tu betri ni dhaifu. Mafundi wamewahi kuvunja injini kwa dhana hiyo, wakati ilikuwa inaomba umeme.

Halizunguki

Kwanza giya iwe huru, hendibreki ivutwe na jiwe liwekwe nyuma ya tairi. Kisha washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja azitazame, wewe zungusha ufunguo. Kipimo hiki hakina gharama, na kinasema mengi kuliko watu wanavyodhani.

Taa zikififia mpaka karibu kuzimika, au stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini, ikitoa mlio wa haraka, tak-tak-tak-tak, umeme haupo wa kutosha. Ama betri imeishiwa, ama ipo njia inayoubana. Taa zikibaki kali kama hazijui kinachoendelea na stata isitoe hata sauti, umeme hauitwi kabisa: tazama fyuzi, rilei, switchi ya ufunguo, na ule waya mwembamba unaopeleka amri kwenye stata. Ukisikia "tak" moja nzito na taa hazikubadilika, amri imefika lakini mlango wa umeme mkubwa ndani ya stata haukupitisha, au kaboni zake, vile vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani yake, zimekwisha. Na taa zikishuka sana pamoja na "dung" moja nzito, ilhali betri umeipima ni nzima, umeme umefika na stata imejaribu, lakini kuna kitu kinakataa kuzunguka.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa chache husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12 hiyo ni tupu, hata kama taa za ndani bado zinawaka. Lakini kipimo chenye ukweli ni kile cha wakati stata inavuta. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri haina nguvu hata kama ilisoma vizuri ilipopumzika. Stata ya lori huvuta mamia ya ampea, na taa ya mbele huvuta chache tu. Ndiyo maana mtu husema "betri nzima, honi inalia!" Honi haipimi betri ya lori.

Malori mengi makubwa ni ya volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizoshikana. Zipime kila moja peke yake. Ukikuta moja ina 12.6 na ya pili 11.4, umeipata iliyokufa, na jumla yao isingekuonesha. Mara nyingi chanzo ni redio au taa za urembo zilizofungwa kwenye betri moja kati ya mbili, kwa sababu redio ni ya volti 12. Betri hiyo moja hunyonywa kila siku na mwenzake hapungui, na altaneta, ile dinamo ya kuchaji, huzichaji zote kama kitu kimoja. Iliyonyonywa haijai hata siku moja, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi. Ukiweka betri mpya bila kuuondoa waya wa redio, utairudia safari hiyo hiyo baada ya miezi. Wala usifunge betri mpya na kuukuu pamoja. Kuukuu huivuta mpya chini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa visiwa vyetu ningeliweka mbele ya yote: chumvi. Upepo wa bahari haukosekani Pemba, na lori linalochukua samaki, mwani au mchanga hulowa maji ya chumvi mpaka kwenye mifupa. Chumvi na unyevu hutafuna shaba ikawa unga wa kijani, na hutafuna chuma kikawa kutu, na vyote viwili havipitishi umeme. Waya mnene unaotoka kwenye ncha hasi ya betri kwenda kwenye chesisi, na mwenzake unaounganisha chesisi na injini, ndio barabara ya kurudi ya umeme wote wa stata. Watu huutazama ule wa chanya kwa sababu una rangi nyekundu na unatoa cheche. Huu wa hasi husahauliwa.

Lori la ami yangu lililala siku nne uani kwa sababu ya kusahau huko. Liligoma asubuhi moja ya msimu, "tak" halafu kimya. Ililetwa betri mpya kutoka Unguja, ikawa "tak" ile ile. Stata ikashushwa, ikafunguliwa, ikabadilishwa kaboni, ikarudishwa, na sauti haikubadilika. Siku ya nne mzee mmoja fundi aliinama chini ya gari, hakugusa stata, akauliza chesisi ilipakwa rangi lini. Mwezi uliopita, akajibiwa, ili kuzuia kutu. Akaifungua nati ya waya wa hasi. Ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Kwa wiki kadhaa umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya boliti tu, na meno yalipoanza kushika kutu njia ikafa. Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi juu, na lori likawaka kwa mzunguko wa kwanza. Ile betri ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Hayo yote ungeyajua kwa mita ya umeme na msaidizi mmoja. Ncha moja ya mita weka juu ya nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha msaidizi azungushe ufunguo. Njia ikiwa safi mita husoma karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti kwa gari la volti 12, umeme unapotea njiani, na utaipata sehemu yenyewe ukisogeza ncha kiungo kwa kiungo. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka boliti nene ya stata. Asiye na mita apapase viungo baada ya kujaribu mara kadhaa: kilicho cha moto kuliko vingine ndicho kinachobana.

Stata yenyewe ni ya mwisho katika fungu hili. Ikigongwa kidogo na kipande cha mti wakati ufunguo umeshikwa, ikazunguka, kaboni zake zimekwisha, na kugonga kutakufikisha nyumbani mara moja au mbili tu. Kuunganisha boliti za stata kwa spana ili kuruka switchi nimekuona kukifanywa kila gereji. Kunafanya kazi, lakini gari likiwa ndani ya giya litampanda aliye chini yake. Na spana hiyo iwe mbali na betri iliyotoka kuchajiwa, kwa sababu betri hutoa hidrojeni, na cheche moja huipasua.

Ile "dung" nzito yenye betri nzima msiifanyie nguvu. Huenda meno ya stata yameng'ang'ania flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata, na hilo ni jepesi: tia giya ya juu, lisukumeni lori nyuma kidogo, litaachia. Lakini kama lilipita maji marefu, au lilikuwa linapunguza maji ya rejeta bila kuvuja chini, huenda kuna maji juu ya pistoni. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Ukilisukuma kwenye mteremko kwa nguvu utapinda fimbo ya pistoni, na tatizo la gasketi inayopitisha maji litakuwa tatizo la injini. Toa nozo zote kwanza, kisha izungushe taratibu kwa mkono. Maji yatatoka kwenye matundu.

Linazunguka, lakini moto haushiki

Hapa jambo la kutazama ni bomba la moshi. Msaidizi azungushe kwa sekunde 10, wewe simama nyuma.

Hakuna moshi hata chembe? Mafuta hayafiki kwenye silinda. Unatoka moshi mweupe au wa kijivu, wenye harufu kali ya dizeli mbichi? Mafuta yanafika, ila hayawaki, na hapo rudi kwenye kasi ya mzunguko, kisha plagi za joto (za kupasha silinda moto kwa umeme) kama injini inazo, kisha kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa. Moshi mweusi wakati wa kuzungusha tu ni nadra. Ukiuona, tazama kama njia ya hewa imezibwa, filta ya hewa imejaa vumbi au panya amejenga humo.

Kukosekana kwa moshi ndiko kunakotokea zaidi, na kitu cha kwanza kutazama hakina uhusiano na mafuta yenyewe. Ni kizimio. Injini ya dizeli haizimwi kwa kukata umeme, huzimwa kwa kufunga mafuta kwenye nozo pampu, ile pampu inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozo. Malori ya zamani zaidi yana waya wa kuvuta kwa mkono. Waya huo ukishika kutu ndani ya ala yake hubaki umevutwa, na pampu imefungwa usiku kucha bila wewe kujua. Mengine yana kizimio cha umeme: zungusha ufunguo nusu, sikiliza karibu na pampu, unatakiwa usikie "tik" ndogo. Isiposikika, fyuzi au waya wake. Nimeona pampu nzima ikishushwa kwa sababu ya fyuzi moja, na pampu ikishashushwa kurudisha majira yake, yaani wakati wake wa kupeleka mafuta, ni kazi nyingine.

Kizimio kikiwa kizima, tuje kwenye hewa, ambayo ndiyo huwatatiza watu wengi. Kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta, mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Mpira uliopasuka kidogo mahali hapo hautoi tone la dizeli nje. Unaingiza hewa ndani. Dereva hupita na tochi akitafuta mvujo, anakuta pakavu, anasema njia nzima. Pakavu hapo si ushahidi wa kitu. Hewa ikiingia, nozo pampu inabana povu badala ya mafuta, na povu halifungui nozo.

Na mteremko wetu huificha hali hii. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na dereva mwenye lori lenye shaka hulilaza likitazama chini, ili asubuhi liachiwe lishuke na kuwaka kwa giya. Akilaza hivyo, tangi hupanda juu kuliko pampu na mafuta hubaki yamejaa kwenye mipira. Anaona lori zima. Siku akilaza pahala tambarare, au pua ikitazama juu, mafuta hurudi tangini usiku na hewa huchukua nafasi yake, na asubuhi anasema limeanza kugoma leo. Halikuanza leo. Lori linalowaka vizuri likitazama chini na kugoma likitazama juu limeshakwambia ugonjwa wake.

Kutoa hewa ni kazi ya robo saa. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu kwa mkono kwenye kile kitufe cha kupampia mpaka yatoke mafuta yasiyo na povu, kaza. Fanya hivyo kwenye skrubu ya nozo pampu. Kisha legeza nusu mzunguko nati za paipu mbili au tatu upande wa nozo, msaidizi azungushe mpaka mafuta yaruke, kaza. Mkono usiwe mbele ya nozo wala ya paipu hizo. Nozo hupuliza kwa nguvu inayopenya ngozi, na dizeli iliyoingia mwilini kwa namna hiyo inahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Stata nayo usiishike zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo. Ipumzike dakika moja au mbili.

Lakini ukitoa hewa leo na kesho ikarudi, hujatibu. Hapo ndipo ninapopenda kipimo cha dumu. Chukua dumu safi la lita 5 lenye dizeli safi, liweke juu kuliko injini, lifunge vizuri lisianguke, na mpira wake uingize moja kwa moja kwenye pampu ya kuvuta, tangi likiachwa pembeni. Likiwaka na kuendelea kunguruma, nozo pampu na nozo hazina kosa. Ugonjwa uko kati ya tangi na hapo: mpira, klipu, oshi ya shaba iliyochoka, au kichujio cha ndani ya tangi kilichozibwa. Lisipowaka, umejua pia, na umeokoa siku nzima ya kubadilisha mipira. Ukitumia mpira unaopitisha mwanga utayaona mapovu yenyewe yakipita.

Maji kwenye dizeli ni ndugu wa hewa. Tangi lililo nusu tupu hupumua hewa ya Masika, usiku unyevu wake hugeuka matone kwenye kuta na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini kabisa, mahali bomba la kuvuta linapoanzia. Pale maji yanapokutana na dizeli huota utelezi wa kahawia unaoziba filta kama ute. Fungua skrubu ya chini ya kikombe cha filta, kinga kwenye chupa ya kioo, na subiri dakika chache. Ukiona mstari katikati, chini ni maji. Dizeli inayouzwa kwenye madumu barabarani ipitishwe kwanza kwenye kitambaa kizito na iachwe itulie. Najua mtu ana haraka, lakini nozo pampu haijui haraka, na maji huisaga.

Injini iliyochoka

Vipimo vyote hivyo vikiwa vimepita, kasi ipo, mafuta yanafika, moshi mweupe unatoka na moto haushiki, inabaki kompresheni au majira ya pampu. Injini iliyochoka ina tabia yake: asubuhi inakataa, ikishawaka mchana kutwa haisumbui, kwa sababu joto limezipanua ringi na mafuta mazito yameziba nafasi. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni atapima kila silinda. Silinda iliyosoma chini, aitie kijiko cha oili na apime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi.

Kitambaa kilicholoweshwa petroli na kuwekwa kwenye mdomo wa hewa huiwasha injini kama hiyo, na ndiyo maana watu hukitumia. Lakini petroli hushika moto mapema, pistoni ikiwa bado inapanda, na pigo lake huvunja ringi zilizobaki. Kwenye injini yenye plagi za joto moto unaweza kulipuka usoni mwa aliyekishika. Nakuomba usikifanye, hata kama umewahi kukiona kikifanya kazi.

Upo ugonjwa mwingine ulio kinyume na huo, na unawachanganya wengi. Lori linawaka asubuhi bila shida, linafika Konde, linazimwa dakika 20 kushusha mzigo, halafu linagoma. Likipoa jioni linawaka tena. Kwenye malori madogo yenye nozo pampu ya duara, ile fupi yenye paipu zote zinazotokea kichwani mwake, chanzo mara nyingi ni pampu yenyewe. Chuma chake cha ndani kimelika, na dizeli ikipata joto huwa nyepesi, inaponyoka kwenye nafasi hizo badala ya kwenda kwenye nozo. Lowesha kitambaa kinene kwa maji ya baridi, kifunge juu ya kichwa cha pampu, ngoja dakika 5, umwagie tena maji kidogo kidogo, kisha piga stata. Likiwaka hapo hapo, usiguse nozo wala betri. Lori litafika Mkoani leo, na safari inayofuata ni ya pampu peke yake, ndani ya sanduku, kwenda kwa fundi mwenye meza ya kupimia pampu ng'ambo.